Uliza Ukifika Pale

Nilipofika msibani watu walikuwa wameshatoka makaburini, wananawa mikono. Rafiki yangu, ambaye mama yake ndiye aliyezikwa, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akaliona tope lililonipanda mpaka kiunoni, akaiona na baiskeli niliyoibeba begani wakati yenyewe ndiyo iliyopaswa kunibeba mimi. Akaniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Kwani ulipita wapi?" Sikuwa na jibu. Nikatoa simu, nikamwonyesha.

Ilikuwa Machi 2019. Tangu siku ile, ndugu msomaji, nimekuwa nikibishana na nafsi yangu juu ya jambo ambalo huenda wewe utaliona dogo: mtu akipotezwa na chombo, kosa ni la nani? Nimewauliza wenzangu, wengi wamenicheka. "Simu yako mbovu, nunua nyingine." Basi, mjadala umefungwa. Lakini mimi naliona swali lenyewe ni kubwa kuliko simu, na hapa nataka tulitazame pamoja bila haraka, kwa maana haraka ndiyo iliyonifikisha pale nilipofika.

Wakati ule nilikuwa na miezi minne tu Rujewa. Nilitoka Mbeya mjini, nikapata kibarua cha kuchapa na kutoa fotokopi katika kiduka karibu na stendi. Kwa asiyepafahamu, Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika uwanda wa Usangu. Kusini unaiona milima imejipanga, kaskazini ni tambarare tupu mpaka macho yachoke, mpunga na maji, maji na mpunga. Baiskeli ndiyo miguu ya watu wa huko. Nami nilikuwa nimejinunulia Phoenix ya mkononi, nyeusi, yenye keria iliyokwisha kubeba magunia hata ikapinda.

Taarifa ya msiba ilinifikia usiku. Rafiki yangu alinielekeza mwenyewe, huku nyuma yake nasikia vilio. "Njoo mpaka Ubaruku. Ukiipita Ubaruku utavuka mfereji mkubwa, mbele yake kuna mashine ya kukoboa. Uliza pale mashineni. Watakuonyesha kwa mzee mmoja mwenye duka. Ukifika pale, uliza tena." Nikamjibu sawa. Moyoni nikasema, huyu ananifanya mtoto. Kila kituo salamu, unatoka wapi, wewe wa nani, karibu ukae kwanza. Mazishi ni saa saba mchana, na mimi nina GPS mfukoni!

Asubuhi nikaandika jina la kijiji. Simu ikafikiri kidogo, ikanichorea mstari wa buluu unaoiacha barabara ya Ubaruku mapema na kukata katikati ya mashamba, kilomita 19. Kwa njia ya rafiki yangu zisingepungua 30. Nikaona nimeokoa kilomita 11 pamoja na maswali yote. Mfukoni nilikuwa na rambirambi ya wenzetu wa kazini, shilingi 85,000, na karatasi yenye majina ya waliochanga, iliyotakiwa isomwe mbele ya watu kabla ya maziko.

Aliyewahi kuendesha baiskeli huku akiongozwa na simu anazijua adha zake. Kwanza, programu ile ilinitaka nichague gari au mguu, baiskeli haikuwamo. Ukichagua gari inakutupa kwenye barabara kuu ukashindane na malori ya Tunduma. Ukichagua mguu inakupitisha hata mahali pa kuruka. Nikachagua mguu. Niliifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, na kila shimo ikawa inainama kama mtu anayesinzia ibadani. Jua lilipopanda, kioo kikawa cheusi, nikawa nauona uso wangu badala ya njia. Sauti yake ilikuwa ya Kiingereza, na majina ya kwetu iliyatamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ukikosea kona haikasiriki wala haikuonei huruma. Inahesabu upya tu. Nikapata pancha ya mwiba wa mgunga, na muda wote niliokuwa nimepiga magoti na kiraka mkononi, yenyewe inanihimiza niendelee mbele meta 200.

Lakini hayo ni ya kuchekesha, nisingeyaandikia makala.

Mahali ambapo mstari uliiacha njia ya matrekta na kuingia kwenye majaruba, nilimkuta bibi mmoja amepumzika kutoka palizi, jembe lake ubavuni, miguu ndani ya maji ya mfereji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa kwenye simu. "Unapima nini?"

"Sipimi kitu, bibi. Naangalia njia tu." Nikakitaja kijiji. "Hii inafika?"

Akaitazama njia, akaitazama tena simu. "Njia ipo," akasema. "Na maji yapo."

Mimi, jamani, nilisikia nusu ya kwanza tu. Simu imesema njia ipo, bibi naye kasema njia ipo, mashahidi wawili wamekubaliana. Nikashukuru, nikapanda baiskeli.

Na maji yalikuwepo. Baada ya nusu saa hivi njia ilishuka ndani ya korongo, na ng'ambo niliiona inaendelea, nyembamba, safi kabisa. Kati yangu na ng'ambo kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayokwenda kwa kasi. Niliingia mpaka kiunoni, mguu ukakosa chini, nikarudi nikihema. Karatasi ya majina ikawa uji wa wino. Kwa muda wa saa tatu nikazunguka juu ya matuta ya majaruba, baiskeli begani, nikitafuta kivuko. Na hapa pana jambo lililoniuma kuliko mengine yote. Kila nilipoitazama simu, ile nukta ya buluu ilikuwa sahihi. Niliposimama ukingoni, ilisimama ukingoni. Nilipoingia majini, iliingia majini. Usangu ni uwanda, hakuna ghorofa wala bonde la kuficha mbingu. Ilijua nilipo kuliko nilivyojua mwenyewe, wala haikunifaa kitu.

Tusikidhulumu chombo. Setilaiti za GPS ni mali ya Marekani, ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, nazo zinatuzunguka kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kila moja kazi yake ni kutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu inasikiliza angalau nne, inalinganisha muda uliotumiwa na kila tangazo kufika, inapiga hesabu. Wengi hudhani ndiyo inayokula bando. La hasha, kinachokula bando ni ramani, mbingu haitozi. Tena saa za kule juu hukimbia mbele ya saa zetu kwa takriban sehemu 38 kati ya milioni za sekunde kila siku, kwa sababu za kimaumbile alizozieleza Einstein, na kama zisingerekebishwa, makosa yangejilimbikiza kilomita 10 hivi kwa siku moja. Kwa hiyo mtambo ulionichelewesha kuzika ulikuwa umemzingatia Einstein, ila haukuizingatia mvua.

Je, ulinidanganya? Zilikuwepo nyakati ambapo GPS ilidanganya kweli, kwa makusudi. Kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga mawimbi yanayotumiwa na raia ili jeshi lao libaki na yaliyo safi, hata mtu wa kawaida akaonyeshwa kando ya mahali alipo kwa hadi meta 100. Rais Clinton ndiye aliyeamuru uvurugaji huo uzimwe. Ule ulikuwa uongo halisi, una mwenyewe na una nia. Wangu haukuwa wa namna ile. Nukta ilikuwa ya kweli. Na mstari wenyewe, nikiutafakari vizuri, nao ulikuwa wa kweli.

Maana mstari haukushuka kutoka kwenye setilaiti. Setilaiti haijui njia hata moja. Mstari huchorwa na mtu, au na mtambo uliofundishwa na mtu. Mwaka 2004 ulianzishwa Uingereza mradi wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2015 wanafunzi wa Dar es Salaam walipita mitaani kuchora kata zinazofurika, kwa jina la Ramani Huria, na mwaka huohuo ukaanza Crowd2Map, unaowaalika watu waliotawanyika duniani kote kuchora vijiji vya Tanzania kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka juu. Aliyeuchora mstari wangu simfahamu wala yeye hanifahamu. Namwona tu kwa mawazo, kakaa mbele ya kompyuta, anauona uzi mweupe katikati ya mashamba, anaufuata kwa uaminifu mpaka mwisho. Picha hizo huchaguliwa zisizo na mawingu, na Usangu kusiko na mawingu ni Usangu ya kiangazi, korongo limekauka, njia imepita juu ya mchanga. Alichokiona ni kweli tupu. Kasoro ni moja, kwamba ushahidi wake ulinifikia bila tarehe.

(Hapa nifungue mabano kwa ajili yetu sisi tunaojifunza kuandika. Ni mara ngapi tumekwenda kijijini likizo ya Desemba, siku tatu, tukarudi mjini tukaandika "kijiji" kana kwamba tumekaa miaka saba? Msomaji anatufuata kwa uaminifu, mpaka anaingia majini.)

Yupo kijana mwenzangu pale dukani aliyesomea kompyuta, naye alinipinga vikali. "Unawasifu watu kwa sababu umekasirika," aliniambia. "Kwani watu hawapotezi?" Wanapoteza sana, nakiri. Nani katika nchi hii hajawahi kuambiwa "hapo tu mbele", akanyonga pedali saa nzima na hilo hapo halifiki? Wenyeji wetu wanaona haya kumwambia mgeni "sijui". Neno hilo kwao ni kama kumnyima maji. Basi watakuonyesha kwa kidole, kwa tabasamu, hata kama hawajawahi kufika. Niliwahi kuuliza watu watatu njia ya kwenda mahali pamoja, nikapewa pande tatu, na wote walikuwa wapole kuliko mtambo wowote. Kwa hiyo asije mtu akanisoma kwamba napigia debe enzi za mababu. Mtu hukosea kwa huruma, chombo hukosea bila huruma, na aliyechelewa kuzika amechelewa vilevile.

Lakini hoja ya kijana yule ina tundu, na tundu lenyewe nililigundua usiku wa matanga.

Tulikuwa tumekaa kuzunguka moto. Mzee mmoja, kumbe ndiye yule mwenye duka niliyeelekezwa kwake, akaniambia taratibu kwamba walinisubiri. Pale mashineni palikuwa na pawatila yenye tela iliyokuwa ikisomba watu wa msibani tangu saa tatu asubuhi. Ilifanya safari mbili. Kila aliyefika mashineni akauliza, alipandishwa, baiskeli yake ikatupwa juu, akaletwa hadi dukani, na kutoka dukani palikuwa na vijana waliowekwa kuwavusha watu kwenye daraja la magogo wanalolijua wenyewe. "Mwenzako alitutajia kwamba atakuja kijana kutoka Rujewa na baiskeli nyeusi," mzee akasema. "Tukakaa macho barabarani."

Nilijisikia vibaya, ndugu msomaji, kuliko nilivyojisikia majini. Maana kumbe "uliza ukifika pale" hayakuwa maelekezo mabovu ya mtu asiyejua kilomita. Rafiki yangu hakuwa akinielekeza, alikuwa akinikabidhi: kwa watu wa mashineni, nao wanikabidhi kwa mzee, mzee anikabidhi kwa vijana wa darajani. Na salamu zile nilizozikwepa, unatoka wapi, unakwenda kwa nani, ndizo zilizokuwa tiketi ya pawatila. Ungewezaje kumpakia mtu wa msibani usipomuuliza anakwenda wapi?

Hapo ndipo nilipolazimika kuligeuza swali langu. Nilikuwa nauliza kosa ni la nani, la simu au la aliyechora. Nilitakiwa kujiuliza kwa nini mimi, mtu mzima mwenye ulimi, niliona afadhali kuongozwa na kitu kisichonidai kitu. Kwa maana ukimuuliza mtu njia unadaiwa. Unadaiwa salamu, unadaiwa jina, unadaiwa kusikiliza habari za mvua na za mtoto wake aliyeko Makambako, na ukipita tena siku nyingine huwezi kujifanya humjui. Simu haidai. Nilipoichagua niliita hiyo ni kuokoa muda, lakini tukisema kweli nilikuwa nakwepa deni. Ni deni dogo sana, la dakika tano tano. Na sitaki kujifanya kwamba kulikwepa ni dhambi siku zote. Binti anayepita usiku mtaa asioujua ana haki kamili ya kutomuuliza mtu yeyote. Mgonjwa wa kukimbizwa hospitali hana muda wa kueleza ukoo wake. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kuzika. Kuzika kwenyewe ni kulipa deni la namna hiyohiyo, na nilitaka kwenda kulilipa bila kudaiwa njiani. Kwa maoni yangu huo ni upungufu wa akili, na chombo hakihusiki nao.

Kwa bibi nilikosea kwa namna nyingine, na hilo nalo nililielewa baadaye. Nilimsimulia mzee yale maneno, "njia ipo, na maji yapo", nikamwuliza kwa nini hakunikataza wazi. Mzee akacheka kidogo. "Ulikuwa umeshika simu mbele namna hii?" Akanyoosha mkono. Nikasema ndiyo. "Sasa alijuaje wewe ni nani?"

Usangu si mahali pa kushika chombo cha kupimia ovyo. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa ikachukua sehemu kubwa ya uwanda, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Kabla yake, 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa na mifugo yao. Serikali ilikuwa na sababu zake, maana tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi huko chini hifadhini, na mto usipotiririka hata umeme wa Mtera na Kidatu una mashaka. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba kwa mkulima wa jaruba, GPS haikuingia kama rafiki wa msafiri. Iliingia mikononi mwa watu waliosimama shambani, wakatazama kioo, wakaandika tarakimu, wakaondoka, na baadaye bikoni ikasimikwa. Nilipokuwa nadhani naitazama njia, bibi alikuwa ananitazama mimi nikimpima. Akanijibu kama mtu anavyomjibu mpimaji, kweli tupu, fupi, isiyoongeza neno. Ningeiweka simu mfukoni nikakaa naye kidogo, huenda ningeambiwa, "Mjukuu wangu, usijaribu, rudi upite Ubaruku." Kumbe kile nilichokishika kilikuwa kimeshabadilisha kile ambacho ningeambiwa.

Majina ya waliochanga hayakusomwa. Fedha zilianikwa juu ya bati, zikakauka, zikapokelewa. Rafiki yangu hajawahi kunilaumu, na nadhani ndiyo sababu bado naandika juu ya jambo hili.

Simu bado ninayo, na GPS naitumia. Nikienda mji nisioujua naifungua kabla sijashuka kwenye basi. Lakini limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Kijana wa dukani alinifundisha kwamba ramani ile ya watu wa kujitolea mtu yeyote anaweza kuirekebisha, hata mimi. Ningeweza kuandika kwamba njia ile haipitiki wakati wa mvua, ningeweza kuongeza na lile daraja la magogo, ili asije mwingine akaingia majini na karatasi ya majina. Nikaona huo ni wajibu wangu. Ukijua shimo lilipo na usiseme, umemtumbukiza anayekuja.

Agosti mwaka uleule nikarudi na baiskeli yangu kwenda kuhakiki. Korongo lilikuwa mchanga mtupu, lina alama za kwato na za matairi, na njia imepita juu yake kama ilivyochorwa. Bibi nilimkuta nyumbani kwake, anapepeta. Safari hii simu ilikuwa mfukoni. Tukasalimiana, nikajieleza mimi wa nani, nikamkumbusha habari ya maji, akacheka mpaka akauweka ungo chini. Nikamweleza ninalotaka kufanya, kuiandika njia, kuliandika na daraja.

"Ukishaandika," akauliza, "nani ataona?"

Nikamwambia mtu yeyote.

"Yeyote yule?"

"Yeyote, bibi."

Akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka, tukala wali na mlenda, tukaongea mengine. Sijaandika bado.